Kiti cha Madamu

Kiti kililetwa asubuhi kikiwa bado kimevaa nailoni. Kilikuwa kiti cheusi cha kuzunguka, chenye magurudumu na mgongo mrefu kama wa kile cha daktari wa meno, na mafundi wote wa karakana waliacha kazi wakatoka kukipokea kama mgeni. Mmoja wao, anayeitwa Spana, alikikalia, akajizungusha mara moja tu, akafukuzwa.

"Toka hapo na mafuta yako! Hicho ni kiti cha Madamu!" Bosi alisema.

Watu wakacheka, wakageuka kumtazama huyo Madamu.

Madamu mwenyewe alikuwa sakafuni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mota ya mashine ya kusaga unga, vidole vimezama ndani ya tumbo la chuma, anabana kifundo cha mwisho cha uzi. Hakujua kwamba ni yeye anayesemwa. Hapo karakana jina lake lilikuwa Shaba.

Jina hilo alipewa na fundi mkuu, mzee mkimya ambaye miwani yake ilishikiliwa na kipande cha waya mahali ambapo zamani palikuwa na skrubu. Karakana yao ilisuka mota. Kama hujawahi kuona mota ikisukwa, ni hivi: mota ikiungua, inafunguliwa, nyaya zilizoungua zinang'olewa zote, halafu fundi anasuka nyaya mpya za shaba, mzunguko juu ya mzunguko, akizilaza kwenye mifereji yake taratibu kama mtu anayesuka nywele za mtoto asiyetulia. Ukivuta sana, waya unakwaruzika. Ukilegeza, mota inakuja kupiga kelele mbele ya mteja na kukuaibisha. Shaba aliingia humo akiwa binti aliyetoka tu shuleni, amebeba feni ya jirani iliyogoma kuzunguka. Alisimama kumtazama mzee akiifungua, akasahau kurudi nyumbani. Alisimama mpaka mzee akasema, "Binti, kama huondoki, basi shika hapa." Akashika. Toka siku hiyo hakuachia.

Miaka ikapita. Mikono yake ikanuka vanishi isiyotoka hata kwa sabuni ya kufulia, na vipande vya waya vikawa vinaokotwa kwenye nywele zake, ndipo mzee akaanza kumwita Shaba. Wenzake wakalidaka jina. Yeye alilipenda kuliko hata lile alilopewa na baba yake.

Karakana ile ilikuwa na taratibu mbili ambazo hazikubandikwa ukutani lakini kila mtu alizijua. Ya kwanza ni kwamba aliyetengeneza mota ndiye anayeiwasha mbele ya mwenye mali. Hata kama ni mgonjwa ataitwa, ataweka kidole kwenye swichi, mota itanguruma, na mteja atamshika mkono yeye na si mwingine. Ya pili ilihusu meza ya dirishani. Ndiyo meza pekee yenye mwanga wa kutosha, maana nyaya nyingine ni nyembamba kama unywele, na ni ya aliyekaa kwenye kazi muda mrefu kuliko wote. Fundi mkuu aliirithi kwa aliyemtangulia. Siku anaagwa kustaafu, wiki ile kabla ya kiti kuja, mzee aliifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akatoa koleo lake la zamani, akaliweka mkononi mwa Shaba mbele ya watu wote. Hakusema neno. Nani alihitaji kuambiwa? Spana mwenyewe, ambaye Shaba ndiye aliyemfundisha kushika waya, alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Kwa hiyo kiti kilipokuja, Shaba alikitazama kwa udadisi tu, kama mtu anayetazama harusi ya jirani.

"Simama, Madamu, simama," Bosi akasema kwa uchangamfu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kucheka, wa kutoa pole msibani, wa kuuliza habari za wazazi. Hilo ndilo lililoifanya hasira iwe ngumu kushika, kama sabuni iliyoloa. "Jamani, sikilizeni. Miaka yote hii dada yetu anasota chini na sisi, anachafuka na sisi. Je, ni haki?"

"Si haki!" wakaitikia.

"Nimefikiri sana. Kuanzia leo hakuna tena kupiga magoti. Ofisi ya mbele pale, yenye vioo, ni yake. Meza, feni, kiti. Mteja akiingia, anamkuta Madamu amekaa, amependeza, anamkaribisha. Karakana yetu nayo iwe na heshima!"

Makofi. Shaba akasimama polepole, akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Na meza ya dirishani, Bosi?"

"Aa, hiyo usijali. Spana ataishika."

"Spana."

"Ndiyo. Wewe umeshapanda juu, unataka meza ya nini tena?"

"Na mshahara?"

Bosi akacheka, akampiga begani. "Ule ule, Madamu. Lakini heshima imeongezeka!"

Wenzake nao wakacheka, kicheko cha kumtakia mema. Wengine walikuja kumpongeza, na Shaba akajikuta anasema asante. Asante! Alilisikia neno likimtoka mdomoni, akatamani kulirudisha, lakini utamwambia nini mtu aliyekuvua nguo yako huku anakupigia makofi?

Si kwamba alilichukia neno "madamu" tangu mwanzo. Kusema kweli, kuna wakati alilipenda. Alilisikia mara ya kwanza akiwa mdogo, akifuatana na mama yake, ambaye alikuwa dobi wa nyumba za watu. Waliingilia mlango wa nyuma. Mama alipoitwa tu, hata kama mikono iko ndani ya maji ya sabuni, aliitika mbio, "Bee, madamu!" na mgongo wake ukainama wenyewe, kana kwamba neno hilo lina uzi uliofungwa shingoni. Mwenye nyumba hakuitika hivyo. Yeye akiitwa alisema, "Unasemaje?" bila hata kugeuza shingo. Shaba mdogo alidhani "madamu" ni cheo, kama jaji.

Halafu akaenda shule, akakuta madamu wa namna nyingine kabisa. Madamu wa hesabu alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi, alitembea haraka, na alijua jibu kabla hujamaliza kukosea. Ukimwita madamu, ulikuwa unamaanisha: wewe unajua, nami nataka kujua. Wakati huo Shaba alitaka sana aje aitwe hivyo.

Alipokua ndipo akagundua neno hilo linazurura kila mahali. Muuza nguo anamwita madamu kila mwanamke mwenye mkoba. "Madamu, karibu ndani, saizi yako ipo!" Usiponunua, kabla hujavuka barabara umeshakuwa "yule mama mkavu." Askari wa barabarani anasema, "Madamu, leseni," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Mume akiwa na rafiki zake anasema, "Ngoja nikamuulize madamu," wanacheka wote, maana yake mke ni serikali na serikali ni ya kuchekwa. Mwanamke akipata kazi nzuri, wenzake wananong'ona, "Siku hizi ni madamu, hatusalimii." Neno moja, linakupandisha na kukushusha kama lifti, na anayebonyeza kitufe kamwe si wewe.

Na pale karakana ndipo lilipomchosha. Mwanaume yeyote pale aliitwa fundi. Hata aliyekuja kufagia, mradi ana ndevu, mteja alimwambia, "Fundi, habari ya kazi?" Shaba akiinua kichwa kutoka kwenye mota, uso umejaa masizi, bisibisi mdomoni, alisikia:

"Ooh, samahani madamu. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi."

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Kuna mmoja alivuta kigoda akakaa kumngojea fundi arudi, akangoja karibu siku nzima, huku fundi akimtengenezea pampu yake mbele ya macho yake. Alipokabidhiwa pampu inazunguka, aliaga kwa heshima zote. "Asante sana madamu. Mpe fundi salamu."

Fundi ni neno linalosema unafanya nini. Dereva, dobi, mwalimu, ni hivyo hivyo. Lakini yule aliyekalia kigoda, alipomwita madamu, alikuwa amesema nini? Kwamba amemwona mwanamke, na kwamba yeye ni mtu mwenye adabu. Amejisifu yeye mwenyewe! Shaba alilifikiria jambo hilo jioni ya siku ile ya kiti, akirudi nyumbani, na kadiri alivyolifikiria ndivyo miguu yake ilivyozidi kupiga chini kwa nguvu, mpaka mbwa wa jirani akaamka.

Alimkuta mama yake ameketi mlangoni. Habari zilikuwa zimeshafika, kwa maana mke wa Spana ni jirani na mdomo wake hauna breki.

"Nasikia umepewa ofisi," mama akasema. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Mama, wamenitoa kwenye meza yangu."

"Meza ipi? Ile yenye mafuta?"

"Ile ya mzee. Ile ya dirishani. Ni yangu, mama. Kila mtu anajua ni yangu."

"Mwanangu." Mama akamshika mkono, akaugeuza, akatazama kucha zilizochakaa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imekunjamana milele, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. "Mimi nimewaita watu madamu maisha yangu yote. Nimewaita mpaka wengine wadogo ambao mimi ningeweza kuwazaa. Leo wa kwangu anaitwa. Unataka nilie kwa sababu ya meza?"

Shaba akauvuta mkono wake, akainama kuvua viatu.

"Ijumaa nitakuja kukuona," mama akasema. "Nikuone umekaa. Sitakaa sana, nitasimama tu pale nje kidogo."

Usiku huo mama alitafuta blauzi nyeupe ya Shaba, akaipiga pasi kwa namna wanayojua madobi wa zamani, mpaka blauzi ikawa inasimama yenyewe.

Ofisi ya mbele ilikuwa chumba cha vioo karibu na lango. Meza nayo ilikuwa na kioo juu, na juu ya kioo palikuwa na maua ya plastiki na kibao kidogo kilichoandikwa MADAMU. Si jina lake, si kazi yake. Hilo tu, kama chupa iliyobandikwa MAJI. Kazi yenyewe ilikuwa kusema karibu. Mteja akiingia, karibu. Akiuliza swali lolote, "Subiri kidogo, Bosi anakuja." Siku ya kwanza Shaba alijaribu kujibu. Kijana mmoja alikuja na pampu inayotoa harufu ya kuungua, akaeleza, Shaba akainama kuinusa. Bosi akatokea mbio kama aliyeona moto.

"Madamu! Madamu! Utachafuka! Mwachie fundi!"

Koleo la mzee alikuwa nalo ndani ya mkoba. Alipokosa la kufanya alitia mkono mkobani akalishika, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Spana alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni akisugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Dada Shaba, mimi sikuiomba ile meza."

"Najua."

"Bosi ndiye kasema. Ningefanyaje?"

"Hukuiomba," Shaba akasema. "Lakini hukuikataa."

Spana akaondoka masikio yakimwaka kwa aibu. Shaba hakujisikia vizuri hata kidogo. Hasira ikikosa mwenyewe wa kumpiga, inampiga aliye karibu.

Ijumaa ikafika na mama wa mashine naye akafika. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuzidi mashine yake ya unga, amekuja na mkokoteni kuchukua mota yake. Ile ile. Ile iliyokuwa sakafuni siku kiti kinaletwa, ambayo kila mzunguko wa shaba tumboni mwake ulipitia vidole vya Shaba. Shaba akainuka kutoka kitini kuwahi uani. Miguu ilijua njia. Alipofika mlangoni, Bosi alikuwa amesimama hapo, ametanua mkono kama lango.

"Keti, Madamu. Uani kuna mafuta, na blauzi yenyewe hiyo!"

"Bosi, ile mota nimesuka mimi."

"Nani anabisha? Lakini sasa wewe ni wa huku. Spana atawasha."

"Aliyetengeneza ndiye anayewasha. Hiyo si sheria yangu. Umeikuta, nami nimeikuta."

"Ya mafundi hiyo," Bosi akasema kwa upole, akimrudisha ndani. "Wewe ni Madamu."

Akafunga mlango wa kioo.

Kupitia kioo Shaba alimwona Spana akisimama mbele ya mota. Alimwona akigeuka kutazama ofisini, kisha akatazama chini. Kidole kikaenda kwenye swichi. Mota ikanguruma. Ilinguruma vizuri, kwa sauti moja nene isiyotetemeka, na Shaba aliitambua kama mama anavyotambua kilio cha mtoto wake katikati ya watoto wa watu. Mama wa mashine akarusha mikono juu. "Hongera fundi! Hongera sana!" Akamshika Spana mkono, akautikisa mpaka bega likatikisika.

Ndani ya kioo, feni ilikuwa inazunguka na maua ya plastiki yanatikisa vichwa. Shaba alihisi moto ukimpanda kutoka miguuni. Si wivu kwa Spana, hapana. Ni kwamba alikuwa ameibiwa mchana kweupe, na aliyemwibia alikuwa amemwachia feni.

Mlango ukasukumwa. Mama wa mashine akaingia, akakaa kwenye benchi la wageni, anajipepea kwa leso.

"Habari ya saa hizi, madamu. Nimeambiwa nisubiri humu wakinipakilia. Jamani, mna fundi hapa! Yule kijana ana mikono ya dhahabu."

Shaba akaitazama mikono yake. Ilikuwa na alama ya waya kwenye kila kidole, imelala juu ya kioo safi.

"Si yake," akasema.

"Nini si yake?"

"Mikono. Mota yako nimesuka mimi."

Mama wa mashine akaacha kujipepea. Akamtazama usoni, akatazama blauzi, akatazama kibao, akatazama mikono. Hakucheka. "Sasa kwa nini hukuiwasha wewe?"

"Kwa sababu nimekuwa madamu."

"Umekuwa nini?" Yule mama akavuta pumzi kwa pua. "Hata mimi wananiita hivyo hivyo benki. 'Madamu keti, madamu subiri.' Nikishaketi, wanamhudumia mwanaume aliyenikuta." Akainama mbele. "Mkokotenini nina mota nyingine, ndogo, ya chekeche la unga. Imekufa ghafla juzi. Nilitaka kumpa yule kijana."

"Nani anausukuma mkokoteni?"

"Kijana wangu, yuko nje."

"Mwambie ailete hapa."

"Hapa wapi?"

Shaba akasogeza maua pembeni. Akakilaza kibao kifudifudi. "Hapa mezani."

Mota ikaletwa, nyeusi, ina unga na grisi, ikatua juu ya kioo kwa kishindo. Shaba akakunja mikono ya blauzi, akatoa koleo la mzee mkobani. Kisha akafungua dirisha la ofisi linalotazama uani.

"Spana! Niletee bisibisi, mita ya kupimia umeme na pasi ya kulehemu."

Mafundi wote wakageuka. Spana alisimama na meza ya dirishani nyuma yake na Bosi mbele yake. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akazoa vifaa, akaja navyo mbio, akavipitisha dirishani. "Chukua, fundi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. Masikio yakamwaka tena.

Bosi alifika mlangoni akiwa amekosa pumzi. "Madamu, hiki nini? Juu ya kioo? Wageni wakija watasema nini?"

"Watasema wamemkuta fundi."

"Nimekupa ofisi!"

"Ndiyo. Ulisema ni yangu. Nami ninafanyia kazi yangu humo." Skrubu ya kwanza ikaanguka kwenye kisahani cha maua. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, lakini sauti ilitetemeka, na hakujali itetemeke. "Miaka yote niliyopiga magoti hukuona nachafuka. Umeniona nachafuka siku meza ya mzee imebaki wazi. Heshima gani hiyo, Bosi, inayoanza kwa kuninyang'anya koleo? Ungenitukana ningejua la kukujibu. Wewe umenifukuza kazi huku unanipigia makofi, na mimi nikasema asante!"

"Mimi nimekufukuza? Mimi?" Bosi alionekana ameumia kweli. Alikuwa haelewi. Shaba aliona kwamba haelewi, na hilo likamuudhi kuliko yote, kwamba yeye amekaa siku zote hizo anaungua na mwenzake alikuwa analala usingizi mnono wa mtenda wema.

"Hodi, madamu," sauti ikasema nyuma ya Bosi.

Alikuwa mama yake. Amevaa nguo yake ya sherehe, mkoba umebanwa kwapani, na alikuwa amebisha kwenye mlango uliokuwa wazi, akiwa amesimama pembeni kidogo kama alivyosimama kwenye milango yote ya maisha yake. Bosi akampisha, akaenda uani, anatikisa kichwa peke yake.

Mama akaona grisi juu ya kioo. Akaona blauzi. Doa lilikuwa limekaa kifuani, pana kama sahani.

"Nilikuja kukuona umekaa," akasema.

"Najua, mama."

"Blauzi niliyoipiga pasi."

"Nitaifua mwenyewe. Mama, nitazame. Mota hii imekufa, nami najua kuifufua. Kuna watu wangapi wanaojua? Ukinikalisha pale nikasema karibu, karibu, nimekuwa nani? Wewe uliwaita wale watu madamu. Kuna hata mmoja uliyetaka kuwa yeye, au ulitaka tu upumzike mgongo?"

Mama wa mashine akajifanya anatazama feni.

"Mgongo," mama akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilitaka kukaa."

"Basi kaa. Kiti hicho hapo, mimi sina haja nacho."

"Mimi? Hapana, hapana, nitasimama."

"Kaa, dada yangu," mama wa mashine akadakia. "Mimi nimekaa na hata sijaambiwa."

Mama akakaa ukingoni kabisa, mkoba mapajani. Kiti kikateleza kidogo, akashtuka, akashika meza. Kisha akasogea nyuma. Mgongo wake ukagusa mgongo wa kiti, ukatulia pale. Shaba akageuka kwenye mota. Haikuwa imeungua, bali waya mmoja wa kutokea nje ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake ya plastiki, pale unapopitia kwenye chuma. Akauchuna, akaulehemu, moshi mwembamba ukapanda, akaufunika, akaufunga kwa uzi. Nje mafundi walikuwa wamesogea mpaka karibu na kioo, eti wanatafuta nati iliyopotea.

Ndipo Bosi akaita kutoka uani, kwa sauti ya mtu aliyeamua kurudisha mambo yalivyokuwa:

"Madamu!"

Shaba hakugeuka.

"Madamu!"

"Unasemaje?" mama yake akaitika kutoka kitini. Hakugeuza hata shingo.

Nje ya kioo kicheko kililipuka mpaka mmoja wa wanaotafuta nati akajishika ukuta. Bosi akaja dirishani, akamwona bibi kizee ametulia kwenye kiti cheusi, ananyoosha miguu. Akafungua mdomo. Huwezi kumfukuza mama wa mtu kwenye kiti, hata kama umekinunua wewe.

"Shikamoo, mama," ikambidi aseme.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

Bosi akatazama kule na huku. Mafundi walikuwa wameacha kucheka, wote wanamtazama mdomo. Spana alikuwa ameshaanza kuondoa vitu vyake kwenye meza ya dirishani, kimoja kimoja, akiviweka kwenye debe, bila kuambiwa na mtu.

"Namtafuta..." Bosi akameza mate, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Fundi. Fundi, njoo tuzungumze habari ya hiyo meza."

"Nikimaliza," Shaba akasema. "Mwenye mali yupo hapa."

Akachomeka waya ukutani, akaweka kidole kwenye swichi, akawasha. Mota ikanguruma juu ya meza, kioo kikaanza kutetemeka, na kibao kilicholala kifudifudi kikatambaa taratibu mpaka ukingoni, kikaanguka chini ya miguu ya mama yake. Mama alikitazama. Kisha akakivuta kwa kisigino, akaweka miguu yake juu.